John Hampden na Shilingi 20 za Stoke Mandeville

Waheshimiwa wasikilizaji,

Kesi ninayotaka kuizungumzia jioni hii ilihusu shilingi 20, na mshtakiwa wake alikuwa mtu ambaye angeweza kuzilipa bila kuuza hata kondoo mmoja. John Hampden alizaliwa mnamo mwaka 1595 katika ukoo uliokuwa umemiliki ardhi ya Great Hampden, katika kaunti ya Buckinghamshire nchini Uingereza, kwa karne kadhaa. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mchanga, kwa hiyo alirithi mashamba yale kabla hajajua kusoma. Mama yake, Elizabeth Cromwell, alikuwa shangazi wa Oliver Cromwell, aliyekuja kuwa kiongozi wa jeshi la bunge dhidi ya mfalme. Hampden alisoma Thame, kisha Oxford, kisha sheria huko London, na mwaka 1621 akaingia bungeni.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hata Edward Hyde, aliyekuja kuwa hasimu wake mkubwa wa kisiasa, alikiri kwamba Hampden alikuwa na desturi ya kuwaacha wengine wabishane hadi wachoke, ndipo ainuke kwa upole na kuupeleka mjadala mahali alipotaka yeye. Mwaka 1627 alifungwa kwa kukataa kumkopesha Mfalme Charles wa Kwanza fedha kwa lazima. Miaka mitano baadaye rafiki yake, Sir John Eliot, alifia kifungoni katika Mnara wa London, na Hampden ndiye aliyekuwa akifuatilia malezi ya wana wa Eliot.

Kuanzia mwaka 1629 mfalme alitawala bila kuitisha bunge, na kwa kuwa sheria ilimtaka apate idhini ya bunge kabla ya kutoza kodi mpya, akaifufua kodi ya meli. Zamani kodi hiyo ilitozwa kwenye miji na kaunti za pwani wakati wa hatari, ili kuimarisha jeshi la majini. Mwaka 1635 Charles aliieneza hadi kaunti za bara, ilhali nchi haikuwa vitani. Katika kijiji cha Stoke Mandeville, Hampden alikadiriwa shilingi 20. Alikataa kulipa, na inafaa tukumbuke kwamba udogo wa deni ndio ulioipa kesi nguvu, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwamba tajiri yule alikuwa akiulinda mfuko wake.

Kesi ilisikilizwa na majaji 12 mwishoni mwa mwaka 1637. Wakili wake, Oliver St John, hakupinga kwamba mfalme ana wajibu wa kuilinda nchi. Hoja yake ilikuwa finyu, na nadhani ndiyo sababu ilikuwa kali: hati ya mfalme yenyewe ilitoa takriban miezi saba ya kuandaa meli, na bunge lingeweza kuitishwa kwa siku 40 tu, basi dharura iko wapi? Mwaka 1638 majaji saba walimpa mfalme ushindi na watano wakawa upande wa Hampden. Mmoja wa wale saba, Sir John Finch, alifika mbali mno, akatamka kwamba sheria ya bunge inayomnyang'anya mfalme mamlaka ya kulinda ufalme ni batili. Sidhani kama kuna mtu aliyemdhuru Charles kwa kumtetea kuliko Finch, kwani wenye mali walioisikia kauli hiyo walielewa kwamba hakuna tena ukuta kati ya hazina ya mfalme na mali zao. Kodi ambayo mwanzoni ililipwa karibu yote, ilipofika mwaka 1639 sehemu kubwa yake haikukusanywa, na mwaka 1641 bunge liliifuta na kuitangua hukumu.

Wapo wanaomwita Hampden mtetezi wa wanyonge. Hapo wanatia chumvi, maana alichokuwa akikipigania kilikuwa haki ya wenye ardhi waliowakilishwa bungeni, na wakulima wengi wa Buckinghamshire hawakuwa na kura.

Tarehe 4 Januari 1642 mfalme aliingia bungeni na askari ili kumkamata Hampden na wenzake wanne, akina Pym, Holles, Haselrig na Strode, lakini walikuwa wamekwisha kupata habari na kutoroka kwa mashua. Vita kati ya mfalme na bunge vilipozuka mwaka huohuo, Hampden aliunda kikosi chake mwenyewe kilichovaa makoti ya kijani. Tarehe 18 Juni 1643, katika uwanja wa Chalgrove, alijeruhiwa begani alipokuwa akipambana na wapanda farasi wa Prince Rupert, mpwa wa mfalme, na siku sita baadaye akafariki Thame, mji aliosomea utotoni. Kuna wanaoshikilia kwamba ilikuwa bastola yake mwenyewe iliyompasukia mkononi.

Mwaka 1689 Sheria ya Haki ilipiga marufuku mfalme kutoza fedha bila idhini ya bunge. Mwaka uliofuata, chini ya Mfalme William na Malkia Mary, wadhifa wa kusimamia hazina ya serikali, pamoja na kodi zake zote, ulikabidhiwa kwa Richard Hampden, mwana wa John.