Vitufe vya Jirani

REHEMA: Tumerudi tena, karibuni. Mimi ni Rehema, na mwenzangu hapa mezani ni Shabani, ambaye leo kaja na sura ya mtu aliyedhulumiwa.

SHABANI: Nimedhulumiwa kweli, dada. Nimepata pedi ya kuchezea michezo ya kompyuta, ya kampuni ya Gravis, ile PC GamePad ya mwaka 1991, nzima kabisa, vitufe vyake vinne vya rangi hata havijapauka. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya zamani yenye DOS halisi, ule mfumo wa kuandika amri, nikafungua Wolfenstein 3D, mchezo wa kupiga risasi. Natembea, nageuka, napiga risasi. Nafika mlangoni, mlango haufunguki.

REHEMA: Ulibonyeza vyote vinne?

SHABANI: Nimebonyeza mpaka kidole gumba kimeota sugu. Viwili vinaitika, viwili kimya. Mwishowe nikawa nafungua milango kwa kibodi, pedi iko mapajani. Sasa hapo nacheza au natumikia adhabu?

REHEMA: Ukaamua pedi imekufa.

SHABANI: Bisibisi hii hapa mfukoni.

REHEMA: Irudishe ilikotoka. Hili ndilo linaloniudhi kwa watu wa vifaa vya zamani, na mimi nimo: tunakimbilia kufungua kabla ya kuuliza. Hebu tuulize. Kati ya kidole chako na ule mlango kuna waya, kuna poti, yaani tundu unapochomeka, kuna mchezo. Umejuaje aliyeziba masikio ni pedi?

SHABANI: Kwa sababu ndiyo kuukuu.

REHEMA: Na kompyuta yako je, ya jana? Sikiliza. Poti ya michezo ya pini 15 ilikuja na kadi ya IBM mwaka 1981. Kadi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya joystiki mbili, ile mikono ya kuchezea, kila moja na vitufe viwili. Mbili mara mbili, vinne. Poti nzima haina kitufe cha tano, hata ukiibembeleza.

SHABANI: Lakini pedi yangu ni moja, na ina vinne.

REHEMA: Ndiyo. Viwili ni vyake, viwili kaazima kwa jirani. Kitufe cha kwanza kiko pini ya 2, cha pili pini ya 7. Hivyo ni vya joystiki ya kwanza. Cha tatu kinapita pini ya 10 na cha nne pini ya 14, na hizo ni pini za joystiki ya pili ambayo wewe huna. Kwa hiyo yeyote njiani anayeamini kwamba jirani ni mtu mwingine, iwe ni waya, iwe ni mchezo, atakukatia vitufe viwili bila hata kujua kakukosea.

SHABANI: Kumbe ugonjwa wa "viwili vinaitika, viwili kimya" una jina.

REHEMA: Una jina na una anwani. Tuanze na jepesi. Pedi yako ina viswichi viwili. Kimoja ni cha watu wa mkono wa kushoto, kinageuza mambo. Cha pili kinachagua vitufe viwili au vinne. Kiko wapi?

SHABANI: Kiko kwenye vinne. Hicho nilikiona mwenyewe.

REHEMA: Vizuri, maana kikiwa kwenye viwili, vile vingine havifi. Vinageuka kuwa nakala za vile vya kwanza, ila vya kufyatua mfululizo. Mtu anabonyeza, risasi zinamwagika kama mvua, anadhani pedi ina pepo.

SHABANI: Basi yangu haina pepo, ina ububu.

REHEMA: Haya. Kompyuta si umekuja nayo? Iwashe, usiingie mchezoni. Andika DEBUG, programu ndogo ya DOS ya kuongea na poti moja kwa moja, bonyeza Enter.

SHABANI: Nimepata kistari kimoja tu, kinanikodolea macho.

REHEMA: Ndiyo kinakungoja. Andika herufi o, nafasi, 201, nafasi, 0. Enter. Halafu i, nafasi, 201. Enter. Hiyo 201 ndiyo anwani ya poti ya michezo. Ya kwanza umeigonga mlango, ya pili umeuliza "nani yuko ndani?"

SHABANI: Imenijibu FC.

REHEMA: Safi sana! Shabani, hiyo FC ni hadithi nzima. Hiyo ni baiti moja, biti nane, yaani taa nane za kuwaka au kuzimika, na kila herufi au tarakimu inasimamia nne. Ile F ni biti nne za vitufe, zote zimewaka, maana yake hakuna kilichobonyezwa. Poti hii inafikiri kinyume: ukibonyeza, biti inazimika, kwa sababu kitufe chenyewe si kingine ila waya unaogusishwa na ardhi.

SHABANI: Na ile C?

REHEMA: Ile C ni mielekeo. Hapo inabidi nieleze kidogo, nivumilie. Kadi haipimi mkono wa joystiki uko wapi. Ukiigonga, inawasha biti nne, moja kwa kila mhimili, yaani kushoto-kulia na mbele-nyuma kwa kila joystiki, halafu kapasita, kijitangi cha umeme, inaanza kujazwa kupitia rezista, kizuizi cha umeme kilicho ndani ya joystiki. Rezista ikiwa ndogo, kapasita inajaa upesi. Ikiwa kubwa, inachelewa. Ikijaa, biti inazimika. Kazi ya mchezo ni kukaa pale na kuhesabu imechukua muda gani. Kwa rezista sifuri ni kama mikrosekunde 24, kwa kiloomu 100 ni zaidi kidogo ya mikrosekunde 1,100.

SHABANI: Yaani kompyuta inasimama kuhesabu kama mtoto anayecheza kibemasa?

REHEMA: Kabisa, na kila kinachoendelea kinangoja. Ndiyo maana ukipima mielekeo kompyuta ikiwa na kasi moja, ukabadilisha kasi baadaye, mtu wako anaanza kutembea mwenyewe. Sasa, mihimili yako miwili ilishajaa zamani, kwa sababu wewe na vidole vyako ni wazito kuliko mikrosekunde. Biti zake zimezimika. Mihimili miwili ya jirani haina rezista, hakuna aliyechomekwa, haitajaa mpaka kiama. Mbili zimezimika, mbili zimewaka: C. Ungekuwa hujachomeka kitu kabisa ungepata FF.

SHABANI: Kwa hiyo poti ni nzima, na inajua nina pedi moja.

REHEMA: Hapo tumemwondoa mshukiwa mmoja, na bisibisi haijatoka. Sasa andika i 201 lakini usibonyeze Enter. Kwanza shika kitufe cha kwanza, kile cha risasi. Kikiwa chini ndiyo upige Enter kwa mkono mwingine.

SHABANI: EC.

REHEMA: Biti ya kitufe cha kwanza imezimika. Cha pili?

SHABANI: DC.

REHEMA: Sasa vile mabubu. Tunatafuta BC kwa cha tatu na 7C kwa cha nne.

SHABANI: Cha tatu... FC. Cha nne... FC. Unaona? Imekufa! Nilisema!

REHEMA: Usinipigie kelele. Hapo umethibitisha kitu kimoja tu, kwamba habari haifiki kwenye poti. Bado hujui imepotelea wapi. Huo waya mrefu namna hii ndio wa pedi wenyewe?

SHABANI: Hapana, nimeongezea. Kompyuta iko chini ya meza, waya haukunifika kwenye kiti, nikaunga kipande cha kurefusha. Nilikikuta kwenye boksi la vikorokoro.

REHEMA: Shabani.

SHABANI: Ni waya tu, una pini zote 15, nimezihesabu.

REHEMA: Umehesabu pini, je, umehesabu nyuzi? Waya wa namna hiyo unaweza kuwa na pini 15 mbele na nyuma, na katikati zimepitishwa nyuzi za joystiki moja tu. Aliyeutengeneza aliona za jirani hazina kazi. Chomoa hicho kipande, sogeza kiti.

SHABANI: Ngoja, naingia chini ya meza... Haya. o 201 0. Nashika cha tatu. Enter.

REHEMA: Soma.

SHABANI: BC. Na cha nne... 7C! Wewe dada wewe!

REHEMA: Na bisibisi?

SHABANI: Naona haya hata kuitaja.

REHEMA: Wenye multimita, kile kipima umeme, wangeweza kulijua hilo hata bila kompyuta: unaweka ncha moja pini ya 10 upande huu, nyingine pini ya 10 upande wa pili, isipolia, uzi haupo. Na ile kebo ya kugawa poti moja iwe mbili ina balaa hilo hilo. Imetengenezwa kumpelekea jirani vitu vyake kwenye tundu lake. Ukichomeka pedi ya vitufe vinne pale, vitufe vyako vya tatu na vya nne vinabaki hewani.

SHABANI: Naingia mchezoni. Naanza... natembea... mlango... Ah! Haufunguki bado!

REHEMA: Nilitaka uyaone mwenyewe. Poti inasikia, tumeshuhudia kwa macho. Aliyebaki ni mchezo. Wolfenstein 3D ya 1992 ukiiambia una joystiki, inasoma vitufe viwili tu, kama desturi ya enzi zake. Cha kwanza kupiga, cha pili kutembea kiubavu. Kufungua mlango wamekiweka cha tatu, na kukimbia cha nne.

SHABANI: Yaani mlango wameuweka kwa jirani!

REHEMA: Na ufunguo wake uko kwenye menyu. Ingia sehemu ya Control. Chini ya ule mstari wa kuwasha joystiki kuna mstari umeandikwa Gravis GamePad Enabled. Jina la pedi yako kabisa, limekungoja miaka yote hii.

SHABANI: Nimeupita mara ishirini. Nilidhani ni tangazo.

REHEMA: Usiuguse kwanza, malizia raha baadaye. Kuna wasikilizaji hawana kompyuta ya zamani, wanatumia DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, na pedi ya kisasa au adapta ya USB. Ugonjwa wenu ni ule ule. Kwenye faili la mipangilio kuna mstari wa joysticktype. Ukiandika 2axis, DOSBox inaigiza joystiki mbili zenye vitufe viwili viwili, jirani karudi nyumbani kwake. Andika 4axis, mnapewa joystiki moja yenye vitufe vyote vinne.

SHABANI: Na pedi ya kisasa ina vitufe zaidi ya kumi.

REHEMA: Vya ziada vifanye kibodi. Bonyeza Ctrl na F1, inakuja picha ya kibodi nzima, unachagua herufi, unaongeza, unabonyeza kitufe cha pedi, unahifadhi. Mimi kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipo, mchezo hata haujui kuna pedi. Ila chomekeni pedi kabla ya kuwasha DOSBox, si baada. Na mtu wako akitembea mwenyewe, kwenye faili lile lile la mipangilio badilisheni mstari wa timed kutoka true uwe false, mjaribu tena.

SHABANI: Mimi nina swali la kijinga. Rafiki yangu mmoja, akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja kwenye mchezo wa ndege, kamera inageuka kuangalia pembeni.

REHEMA: Si la kijinga hata kidogo, hilo nalipenda! Kauambia mchezo kwamba ana CH Flightstick Pro. Joystiki ile ilitaka kuweka kofia, kile kiswichi cha juu ya mkono cha kuangalia pande nne, na poti imeshajaa. Wakafanya ujanja: ukisukuma kofia, inabonyeza vitufe kadhaa kwa mpigo, na kila mkusanyiko una maana ya upande. Kwa hiyo mchezo ukiona vitufe viwili kwa pamoja unajua ni kofia. Achague joystiki ya kawaida, yataisha.

SHABANI: Na GamePad Pro, ile ya Gravis iliyofuata, yenye vitufe kumi?

REHEMA: Ile ina swichi nyuma. Ukiiacha kwenye hali ya kidijitali, inatumia waya za vitufe kama simu ya upepo, mmoja unapiga mapigo, mwingine unapeleka habari, bila kupumzika. Mchezo usioielewa unaona vitufe vinabonyezwa vyenyewe kama wazimu. Geuza swichi iwe pedi ya kawaida, ukubali kubaki na vinne. Basi, nenda kaweke alama yako.

SHABANI: Gravis GamePad Enabled... nimeweka. Narudi. Natembea. Mlango huu hapa. Cha tatu... Umefunguka! Umefunguka, Rehema! Wee! Kuna mbwa! Mbwa ananijia! Kupiga ni kitufe gani?

REHEMA: Cha kwanza! Cha kwanza, hicho ni chako, si cha jirani!

SHABANI: Nimeshaumwa.