Nishati ya Mwanga wa Kale Imekwenda Wapi?

Asanteni, na karibuni. Leo nina swali moja tu, na nitakaa nalo, maana watu wengi hulijibu haraka mno.

Mbingu nzima imejaa mwanga wa kale ambao macho yetu hayauoni. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao ya Holmdel, New Jersey, ilikuwa ikinasa mvumo wa redio usiokoma, uleule kila upande walikoielekeza. Mvumo huo ni mwanga ulioachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, wakati joto la kila mahali lilikuwa kama kelvini 3,000; kelvini ni kipimo cha joto kinachohesabu kuanzia baridi ya mwisho kabisa. Leo mwanga huohuo una kelvini 2.7, yaani nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri. Umepoa kwa sababu ulimwengu umetanuka, na mawimbi yake yamenyooshwa takriban mara 1,100 njiani. Wimbi likirefuka, rangi husogea kuelekea nyekundu, kisha huipita nyekundu hadi ikaingia kwenye redio. Ndio msogeo mwekundu, ambao Vesto Slipher alianza kuupima kwenye galaksi akiwa Arizona miaka ya 1910, kabla ya Lemaître na Hubble, wanaotajwa zaidi kwa habari ya mtanuko.

Sasa tuhesabu. Mwanga husafiri kama chembe ziitwazo fotoni, na fotoni ya wimbi refu hubeba nishati ndogo. Ikiwa wimbi limenyooshwa mara 1,100, kila fotoni imebaki na sehemu moja tu kati ya 1,100 ya nishati iliyoanza nayo safari. Na fotoni zenyewe karibu zote zingalipo. Nyingine zinakatiza humu ukumbini ninapozungumza. Hiyo nishati nyingine iko wapi? Shuleni sote tulikaririshwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi.

Najua wapo wanaosema moyoni: imetumika kuutanua ulimwengu, kama gesi inavyosukuma pistoni. Hapana. Gesi husukuma pistoni kwa sababu upande wa pili kanieneo ni dogo. Ulimwengu hauna ukuta, na mwanga huu umeenea sawasawa kila mahali. Hakuna upande wa pili.

Jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla msogeo huo haujaeleweka. Mwaka 1915 wanahisabati David Hilbert na Felix Klein, wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walikuwa wakisumbuliwa na suala la nishati katika nadharia mpya ya Einstein kuhusu mvutano. Wakamwita mwanahisabati mwenzao, Emmy Noether. Chuo kilikataa kumpa mwanamke cheo cha kufundisha, kwa hiyo masomo yake yalitangazwa kwa jina la Hilbert. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mwaka 1918 mama huyu alitoa mojawapo ya matokeo makubwa kabisa ya fizikia. Alithibitisha kwamba uhifadhi wa nishati una sharti: kanuni zinazotawala mfumo zisibadilike kadiri muda unavyopita. Sharti likiwepo, nishati haipotei hata chembe. Sharti lisipokuwepo, hakuna kinachoidai ibaki vilevile.

Katika ulimwengu unaotanuka, nafasi yenyewe ya jana si nafasi ya leo. Sharti halipo. Kwa hiyo nishati ya mwanga ule haikwenda popote. Imepungua, basi. Maabara, jikoni, kwenye mitambo ya umeme, sharti linatimia kwa usahihi wa ajabu, na hesabu za Einstein zenyewe zinadai mizani isawazike katika kila kipande kidogo cha nafasi. Mtu asije akakuuzia mashine ya kuzalisha umeme bure kwa kisingizio cha mhadhara huu.

Ndugu pale nyuma anauliza kama nishati haikuingia kwenye mvutano. Wapo wanafizikia wanaosema hivyo, na hesabu zao zinakwenda sawa. Lakini hakuna njia inayokubaliwa na wote ya kusema mvutano una nishati kiasi gani mahali fulani, ndiyo maana mimi sipendi kuifanya kabati la kufichia upungufu. Wengine hukumbusha kwamba nishati hutegemea nani anapima: abiria aliyeketi kwenye daladala ametulia kwa jirani yake, lakini ana mwendo kwa aliyesimama kituoni. Aliyeutoa mwanga na sisi tunaoupokea tunaachana. Hoja hiyo naiheshimu zaidi.

Ukitaka upande wa kinyume, tazama nishati giza, inayotajwa kueleza mtanuko unaozidi kasi ambao timu mbili ziliugundua mwaka 1998 kwa kupima supanova, yaani nyota zinazolipuka. Ikiwa kiwango chake kwa kila mita ya ujazo hakibadiliki, basi kila nafasi inayoongezeka inakuja na sehemu yake, na jumla inapanda. Haifidii kile mwanga ulichopoteza. Ni hesabu nyingine kabisa. Tangu 2024, vipimo vya DESI, mradi wa kuchora ramani ya galaksi ulioko Arizona, vinadokeza kwamba huenda kiwango hicho kinapungua taratibu. Bado ni dokezo, halijathibitishwa. Haya, maswali.