Vijana wa Pande Mbili za Mjadala wa Uhamiaji Marekani

Mabibi na mabwana, ninapowazungumzia vijana wa pande mbili za mjadala wa uhamiaji nchini Marekani, sina maana ya watu wanaoishi mbalimbali. Katika miji ya mpakani ya Arizona na Texas, mtoto wa askari wa Doria ya Mpakani na mtoto wa mama asiye na hati za ukaazi huweza kusoma darasa moja, tena wakiwa na majina ya ukoo yanayofanana, kwa kuwa takriban nusu ya askari hao wana asili ya Amerika ya Kilatini. Wanasoma pamoja kwa sababu mwaka 1982 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya msingi na sekondari ya umma kwa sababu ya kukosa hati.

Mwalimu akiwaandalia mdahalo, huwagawa papo hapo: watetezi huku, wapinzani kule. Utaratibu huo siukubali. Kijana wa miaka 15 huyasema aliyoyasikia nyumbani. Mmoja anaitetea kazi ya baba yake, mwingine anahofu kwamba jioni mama hatarudi, na ukimtaka yeyote kati yao aikubali hoja ya mwenzake, umemtaka amkane mzazi wake mbele ya darasa. (Na wote wawili, tusisahau, bado hawana kura.)

Heri waanze na masharti yenyewe. Mpango wa DACA, unaoahirisha kufukuzwa nchini kwa waliofikishwa Marekani wakiwa watoto bila hati, na uliotangazwa tarehe 15 Juni 2012, unamtaka mwombaji awe ameishi Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007. Kijana wa miaka 17 leo hakuwa amezaliwa siku hiyo. Kwa hiyo mpango ambao watu wazima wamekuwa wakiugombania kwa miaka mingi, kila upande ukidai kuwasemea vijana, haumhusu karibu yeyote aliyeko shuleni sasa. Mbele ya hesabu hiyo, mtoto wa askari na mtoto wa mhamiaji hawana tena jibu la kuazima nyumbani, na hapo ndipo ningewapa kalamu wapendekeze tarehe nyingine na masharti mengine, au waandike kwa nini pasiwe na tarehe yoyote, kisha wabishane juu ya hayo waliyoyaandika wenyewe.