Pesa ya matumizi ya kijana anayesafiri nje ya nchi

Ndugu watazamaji wangu mlioko nyumbani, nawasalimu nyote, wazazi pamoja na vijana, kwa kuwa leo nazungumza na pande zote mbili. Kila likizo inapokaribia, wazazi ambao watoto wao wa miaka 14, 16 au 17 wanakwenda nje ya nchi kwa ziara ya shule, mashindano, kambi au kumtembelea ndugu huniuliza swali moja: nimpe pesa ngapi? Nalielewa swali hilo, na bila shaka kiasi kina umuhimu wake, lakini kwa jinsi ninavyowaona vijana wanaofika huku ninakoishi, kiasi sicho kinachoamua nani ataishiwa. Wako wanaofika na pesa nyingi zikawaishia kabla safari haijafika nusu, na wako wanaofika na kidogo wakaondoka na akiba. Tofauti yao ni kwamba kijana wa kwanza anashika noti ngeni mkononi na moyo wake haumwambii kuwa hiyo ni pesa, ile ile ambayo mzazi wake ameifanyia kazi.

Hilo si kosa la kijana. Thamani ya pesa tunaijua kwa mazoea, kwa kununua vitu vile vile mwaka baada ya mwaka, na mazoea hayo yanabaki nyumbani siku ndege inapopaa. Tarakimu nazo hupotosha. Yeni ya Japani haina senti, kwa hiyo bei ya kitu cha kawaida husomeka kwa mamia na maelfu, na kijana huogopa bure. Dinari ya Kuwait ni kinyume chake, kwa sababu dinari moja ina thamani inayozidi dola 3 za Marekani, na bei iliyoandikwa kwa tarakimu moja tu inaweza kuwa kubwa sana. Sarafu ndizo zinazowaponza wengi zaidi. Kijana aliyezoea kwamba sarafu ni chenji ya kuachwa mezani anasahau kuwa katika nchi nyingi sarafu hubeba thamani ambayo kwingine hubebwa na noti: iko sarafu ya yuro 2, ya pauni 2 na ya yeni 500, na kiganja kimoja cha sarafu hizo kinaweza kulipia mlo mzima. Kijana huzitoa moja moja bila kuhesabu, na jioni anashangaa zimekwenda wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kubadilisha fedha, ni kumfundisha kijana kiwango kimoja cha kubadilishia ambacho atakikariri na kukitumia safari nzima. Kisiwe kiwango sahihi hadi nukta ya mwisho, kwa maana hakuna anayepiga hesabu hizo akiwa amesimama kwenye foleni. Kiwe cha namba rahisi kuhesabia, na kielekee upande wa kukifanya kitu kionekane ghali zaidi kidogo kuliko kilivyo. Ikiwa kipande kimoja cha fedha ya kigeni ni sawa na vipande 147 vya fedha ya nyumbani, atumie 150, na tofauti hiyo ndogo itafidia makato ya benki ambayo hayaoni. Afanye zoezi hilo nyumbani, kwa bei halisi za mji anaokwenda, ambazo siku hizi zinapatikana kwenye tovuti za maduka na za usafiri wa umma. Akifika akiwa tayari anajua gharama ya nauli, ya chupa ya maji na ya mlo wa kawaida, atakuwa na vipimo vitatu vya kupimia kila kitu kingine atakachokiona.

Kazi ya pili ni kuigawa pesa kabla ya safari, na hapa nawaomba wazazi mkae na kijana mezani mgawe pamoja, si kumkabidhi mgao uliokwisha kuamuliwa. Tuseme pesa yote ni vipande 300 vya fedha ya huko na safari ni ya siku 10. Toeni kwanza 60 za dharura. Kisha toeni 40 za zawadi, ikiwa anataka kununua zawadi. Zinabaki 200, yaani 20 kwa siku. Lakini siku za safari hazilingani, na mgawo ulio sawa kila siku haudumu. Angalieni ratiba: siku ya kukaa garini au ya mashindano haina matumizi makubwa, na siku ya kutembea mjini bila kiongozi kwa saa nne ndiyo itakayokula pesa. Siku ya kwanza mimi huipangia kidogo kuliko zote, kwa sababu siku hiyo kijana amechoka, amefurahi, na bado hajajua bei za mahali, na hali hizo tatu zikikutana hununua chochote. Atakachobakiza leo ni chake kesho, na atakachozidisha leo kinapunguzwa kesho. Nawasihi wazazi sheria hii isilegezwe kwa simu ya usiku, kwa maana mzazi anayetuma nyongeza kila mara anapoombwa amefuta mgawo wote aliouweka.

Dharura nayo lazima ielezwe kwa maneno wazi. Kupotea na kuhitaji gari la kurudi ni dharura, kuhitaji dawa ni dharura, na kukosa chakula ndege ilipochelewa ni dharura. Viatu vilivyopunguzwa bei siku ya mwisho si dharura. Pesa hiyo ikae mahali tofauti kabisa na pesa ya kila siku, na kijana ajue kwamba akiitumia kwa haki hataulizwa kwa ukali, kwa sababu nimewahi kumwona kijana aliyeumwa tumbo akavumilia mchana kutwa kwa kuogopa kuigusa pesa ya dharura. Woga huo ni hatari kuliko ufujaji.

Je, abebe fedha taslimu au kadi? Jibu langu ni vyote viwili. Sweden, kwa mfano, maduka mengi hayapokei tena noti wala sarafu, na katika nchi nyingine mwenye kibanda cha sokoni hana mashine ya kadi. Kwa kijana napendelea kadi ya kulipia kabla au kadi ya akaunti ya mtoto inayosimamiwa na mzazi, kwa kuwa hawezi kutumia zaidi ya kilichomo, na mzazi anaweza kuifunga kutoka mbali ikipotea. Ichukueni mapema na mwacheni aitumie nyumbani kwa wiki kadhaa, ili namba ya siri iwe kichwani mwake na isiwe kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya pochi. Ulizeni benki maswali matatu kabla ya safari: je, kadi hii imeruhusiwa kutumika nje ya nchi, makato ya kila malipo ya fedha ya kigeni ni asilimia ngapi, na ada ya kutoa fedha kwenye mashine ni kiasi gani? Ikiwa ada ya kutoa fedha ni ile ile kwa kiasi chochote, kijana anayetoa kidogo kidogo mara tano ameilipa mara tano, na ingemfaa kutoa mara moja kiasi cha kutosha siku kadhaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila kijana alijue hata akisahau mengine yote. Ukilipa kwa kadi au ukitoa fedha kwenye mashine ukiwa nje ya nchi, mara nyingi kioo kitakuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya nchi uliyopo au kwa fedha ya nyumbani kwenu. Kuiona fedha ya nyumbani kunaliwaza, hasa kwa mtu aliyechoka kupiga hesabu, na hapo ndipo hasara ilipo. Ukiichagua, anayekubadilishia si benki yako bali mwenye mashine au mshirika wake, kwa kiwango anachokipanga yeye akiwa ameongeza faida yake ndani. Chagua fedha ya nchi uliyopo kila mara, hata muuzaji akikuambia hiyo nyingine ni rahisi. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2019 inayowalazimu watoa huduma hiyo kuonyesha nyongeza yao kwa asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, lakini asilimia hiyo imwokoe nani ikiwa kijana anabonyeza kitufe bila kusoma? Mfundisheni asimame, asome, kisha achague, hata kama nyuma yake kuna watu watano wanaosubiri.

Maduka ya kubadilishia fedha yana mtego unaofanana na huo. Bango linalosema hakuna kamisheni halina maana kwamba huduma ni ya bure, kwa sababu faida imefichwa katika pengo kati ya kiwango cha kununua na kiwango cha kuuza. Swali sahihi ni moja tu: nikikupa kiasi hiki, utanipa kiasi gani mkononi? Viwango vya uwanja wa ndege kwa kawaida ni vibaya kuliko vya mjini, kwa hiyo kijana aondoke nyumbani na fedha kidogo iliyokwisha kubadilishwa, ya kumtosha siku mbili za mwanzo. Na ikiwa jamaa aliyewahi kuishi nje anamzawadia noti alizohifadhi zamani, zikaguliwe kwanza. Noti za karatasi za pauni 20 na 50, kwa mfano, ziliacha kuwa fedha halali Uingereza baada ya tarehe 30 Septemba 2022. Benki Kuu ya Uingereza bado inazibadilisha, ila dukani hazipokelewi, na kijana hapaswi kugundua hilo akiwa mbele ya muuzaji.

Bei iliyoandikwa si kila mara bei ya kulipa. Marekani, katika majimbo mengi, kodi ya mauzo huongezwa pale unapolipia, hivyo kijana aliyehesabu pesa kamili kwa bei ya kwenye rafu atapungukiwa, ilhali katika nchi za Ulaya kodi huwa tayari imo ndani ya bei. Mgahawani nako ziko nchi ambazo ada ya huduma inatarajiwa juu ya bili. Haya yaulizwe kabla ya kwenda.

Simu inahitaji mgao wake, kwa sababu ndiyo inayokula pesa bila kuonekana. Wengi wamesikia kwamba Ulaya imefuta gharama za kutumia laini nje ya nchi, na ni kweli kwamba tangu Juni 2017 ada hizo za ziada ziliondolewa ndani ya Umoja wa Ulaya, lakini nafuu hiyo ni ya laini zilizosajiliwa humo. Laini ya kutoka nje ya Umoja kwa kawaida inatozwa kwa bei ya kampuni yake. Basi kijana azime data ya laini ya nyumbani kabla ndege haijaruka, anunue kifurushi cha huko au atumie Wi-Fi ya malazi, na asifungue programu ya benki kwenye mtandao wa wazi asioufahamu. Manunuzi ndani ya michezo ya simu yafungwe kwa nenosiri la mzazi, kwani basi la safari ndefu ni mahali ambapo vijana hununua vitu hivyo kwa uchovu tu.

Vijana wangu, kuna jambo ambalo wazazi hawalioni, nalo ni rafiki anayekopa. Katika kundi la vijana daima yupo aliyemaliza pesa yake siku ya tatu, na ombi lake huja mbele ya wenzenu wote, ambapo kukataa kunaonekana ni ubaya. Amua ukiwa bado nyumbani ni kiasi gani uko tayari kumpa mwenzako bila kutarajia kurudishiwa, kiwe kidogo, na ukikifikia useme kwa upole kwamba iliyobaki imeshapangiwa kazi. Aliyekwama kweli apelekwe kwa kiongozi wa msafara. Na mkila pamoja, kubalianeni kabla ya kuagiza kama kila mmoja atalipa chake au mtagawana sawa, kwa kuwa aliyeagiza maji peke yake asilazimike kulipia vinywaji vya wengine.

Kila usiku kijana aandike alichotumia, kwa mkono au kwenye simu, mistari mitatu au minne inatosha. Programu ya benki haitoshi kwa hili, kwa sababu inaonyesha malipo ya kadi tu na haijui zile sarafu.

Siku mbili kabla ya kurudi, atenge nauli ya kwenda uwanja wa ndege, kisha amalize sarafu kwanza katika manunuzi madogo, kwa kuwa maduka mengi ya kubadilishia fedha hupokea noti tu. Noti zinazobaki azirudishe nyumbani, na nawaomba wazazi zile zilizokuwa za mgao wake wa kila siku mmwachie zote, msizidai kama chenji. Kaeni naye na daftari lake, mumuulize ni manunuzi gani angeyarudia na yapi asingeyarudia, na mpange mgao wa safari inayofuata kutokana na majibu hayo.