Je, Muislamu Atoe Pole kwa Kifo cha Papa?

*Mhadhara uliotolewa Mwanza, Ijumaa 25 Aprili 2025, kati ya Magharibi na Isha*

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Muda ni mfupi, naingia moja kwa moja. Tangu Jumatatu, ilipotufikia habari kwamba Papa Francis amefariki, simu yangu haijatulia. Vijana wanauliza: ustadh, inajuzu kumpa pole jirani Mkatoliki? Na kuna ujumbe unazunguka kwenye simu zenu, usio na jina la aliyeuandika, unaosema atoaye pole ametoka katika Uislamu. Suala hili nimelijibu Mkuyuni, nimelijibu Igogo, nimelijibu Sengerema. Nalijibu tena leo kwa sababu kesho anazikwa, na majirani zenu watakuwa mbele ya televisheni wakilia.

Kumwombea maghfira asiyekuwa Muislamu, Qur'ani imelikataza katika Surat at-Tawba, aya ya 113. Sina mjadala na hilo. Lakini kumpa pole aliyefiwa na kusema kweli juu ya mema ya mtu ni jambo jingine kabisa. Someni Surat al-Mumtahina, aya ya 8: Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Uadilifu! Uadilifu si hiari ya mwenye moyo laini, ni amri.

Sasa najua kuna kijana hapo nyuma ataniambia hadithi ya Mtume kusimamia jeneza la Myahudi imefutwa, yaani hukumu yake imeondolewa. Haya, tuizungumze. Sahl bin Hunayf na Qays bin Saad walikuwa wamekaa Qadisiyya, likapita jeneza, wakasimama. Wakaambiwa huyu si Muislamu, ni wa watu wa nchi hii. Wakasema: lilipita jeneza mbele ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akasimama, akaambiwa ni la Myahudi, akasema, "Je, si nafsi?" Iko Bukhari, iko Muslim. Wanachuoni wamekhitalifiana, kule kusimama kumefutwa au la. Sawa. Lakini nionyeshe mwanachuoni aliyeifuta ile "Je, si nafsi?" Na masahaba wale wawili walikuwa Iraki, Mtume ameshafariki, na bado walisimama. Wewe umesoma dini kwa nani hata ukawazidi?

Mwingine atasema Najashi, mfalme wa Habasha, alisilimu. Ndiyo, alisilimu. Lakini Mtume alipowaambia masahaba waende Habasha kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu, mfalme yule alikuwa bado Mkristo. Alisifiwa kwa uadilifu wake akiwa katika ukristo wake.

Basi na huyu Papa tumseme kwa uadilifu. Waliokwisha kunisikia watanisamehe, Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, nitaisema tena. Novemba 2015 alitoka Nairobi, akatua Entebbe, ufukweni mwa ziwa letu hili hili, na kutoka Uganda akaenda Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nchi ile ilikuwa imechinjana. Waasi wa Seleka, wengi wao Waislamu, walishika serikali Machi 2013 na wakadhulumu watu. Tuseme kweli, walidhulumu. Yakainuka makundi ya anti-balaka, wengi wao Wakristo, yakilipiza kwa kila Muislamu, hata muuza vitunguu. Waislamu wa Bangui wakakimbia, waliobaki wakajibana mtaa mmoja, PK5. Nje ya mtaa kifo, ndani njaa. Mzee yule aliambiwa hali ya usalama ni mbaya. Tarehe 30 Novemba akaenda PK5, msikitini, walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwa na bunduki juu ya minara. Akawaambia Waislamu na Wakristo ni ndugu. Alipotoka, imamu akapanda naye gari lake, mbele ya macho ya watu, wakapita mtaani pamoja.

Vita havikuisha siku ile. Sikuambii viliisha. Nakuambia watu waliosahauliwa na dunia, wanaoswali kama wewe, walitembelewa na mtu ambaye hakuwa na haja ya kwenda.

Na msisahau kilichotangulia ziara ile. Desemba 2013, Imamu Oumar Kobine Layama, rais wa baraza la Waislamu la nchi ile, alipotafutwa auawe, Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga alimpokea nyumbani kwake pamoja na familia yake, akakaa miezi. Layama alifariki Novemba 2020, na Nzapalainga, ambaye Papa alikuwa ameshampa ukadinali, akamwomboleza hadharani kama ndugu. Yeye alitoa pole kwa imamu. Wewe unaogopa kumpa pole mama wa jirani?

Kwa nini naing'ang'ania Bangui? Kwa sababu mwaka huo huo wa 2013 sisi wa Kanda ya Ziwa tulikuwa kwenye mgogoro wa nani achinje ng'ombe wa buchani. Februari, Buseresere, mchungaji akauawa. Buseresere si Bangui, ni kwa basi tu kutoka hapa. Wazee mliobeba maiti za meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996 mkazika Igoma, waelezeni vijana: mlikagua dini kwanza?

Muda unakwisha, nipite haraka. Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Misri, ilisimamisha mazungumzo na Vatikani mwaka 2011. Chini ya Papa huyu yakarudi; 2016 Sheikh Ahmad al-Tayyib, mkuu wa Al-Azhar, akaenda Vatikani, na 2019 wakatia saini Abu Dhabi hati ya udugu wa binadamu. 2021 Papa akaenda Najaf, Iraki, kwa Ayatollah Sistani, kiongozi wa Mashia. Gaza: tangu vita vianze alikuwa akipiga simu karibu kila jioni kwenye parokia ya kule, na hotuba yake ya Pasaka, siku moja kabla ya kufa, ilidai vita visimamishwe. Na wasia wake: azikwe ardhini, kaburi la kawaida, bila mapambo, jina tu. Sisi tuliokatazwa kupamba makaburi tuna nini cha kusema juu ya hilo?

Nani humu hana shangazi au mjomba Mkatoliki? Usukumani ukoo mmoja una sanda na una jeneza la mbao. Kesho nenda kaa nao, toa rambirambi, sema "poleni." Ibada yao waachie wenyewe, hukuitwa kuswalisha. Suala la kuchinja kwenye misiba ya mseto nilitaka kulimaliza leo, lakini muadhini ameshasimama. Ijumaa ijayo tutaanza nalo.