Nani Kaandika Hapa? Kuipa Dibaga Wochipointi za Prosesa

(Mhadhara uliotolewa Mwanza kwa wanafunzi na waandishi wa programu)

Mwangaluka! Na wale ambao si Wasukuma, habari za asubuhi. Waliokaa upande wa dirisha, ziwa lipo tu, mtaliangalia tukimaliza.

Nimekuja na programu ndogo niliyoiandika kwa ajili ya leo. Inajumlisha uzito wa magunia ya dagaa. Kila mizani ina rekodi yake: jina la kituo, baiti 16, na mara baada ya jina inafuata jumla ya kilo, namba kamili ya baiti 4. Nimeweka vituo viwili, Igoma na Mwaloni Kirumba. Hesabuni herufi za "Mwaloni Kirumba" pamoja na ile nafasi ya katikati. Kumi na tano. Ongezeni sifuri ya kufunga neno, zinakuwa 16. Jina limeenea kisawasawa, haijabaki hata baiti moja.

Sasa inafungwa mizani ya pili palepale sokoni, na karani anabadilisha jina liwe "Mwaloni Kirumba 2". Jumla ilikuwa kilo 3,840. Akimaliza kuandika jina, jumla inasoma 50. Kesho yake jumla ni kilo 12,000, anaandika jina lilelile, inasoma 50. Mwenye mzigo atasema karani mwizi, karani atasema mashine mbovu. Sisi tuliomo humu tuna swali moja tu: nani kaandika kwenye anwani ile, yaani mahali pale pa kumbukumbu?

Brekipointi ya kawaida, yaani alama ya kusimamisha programu kwenye mstari fulani, haitusaidii. Brekipointi inataka ujue mstari wa kusimama, na mstari ndio hasa tunaoutafuta. Tunachojua ni mahali palipoharibiwa. Kwa hiyo tunataka kuiambia dibaga, yaani programu ya kutafutia hitilafu ndani ya programu nyingine: usijali programu iko mstari gani, simama pale baiti hizi nne zitakapoguswa. Hiyo ndiyo wochipointi.

Njia ya kwanza ya kuitengeneza ni ya kutumia programu peke yake. Dibaga inaiendesha programu amri moja, inaisimamisha, inasoma zile baiti, inalinganisha na za awali, inaruhusu amri nyingine. Ni mvuvi anayevuta wavu wote kila anapopiga kasia moja. Jibu litapatikana, ila programu itakwenda polepole mara mamia kuliko kawaida, na hitilafu inayotokea baada ya saa nzima ya kazi hutaiona kamwe. Wengine hufunga ukurasa mzima wa kumbukumbu usiandikwe, halafu wanasubiri kosa. Ni mbinu nzuri kiasi, lakini ukurasa kwa kawaida una baiti 4,096, na sisi tunataka nne. Kila jirani akiandikwa, dibaga inaamshwa bure.

Njia ya pili iko ndani ya prosesa yenyewe, kile kipande cha kompyuta kinachotekeleza amri. Tangu Intel walipotoa 80386 mwaka 1985, familia hiyo ya prosesa ina rejista za kutafutia hitilafu, yaani visanduku vidogo vya namba ndani yake. DR0 hadi DR3 zinabeba anwani nne. DR7 ndiyo ya kuamuru: ipi iwashwe, iangalie nini, na iangalie baiti ngapi. DR6 inatoa taarifa baada ya tukio. (DR4 na DR5? Msizihesabu, hazina kazi yake peke yake.) Ukishaziweka, programu inakimbia kwa kasi yake, prosesa inalinganisha anwani bila kukudai chochote, na siku anwani ile ikiguswa inakatiza kazi na kukuita.

Kwa mizani yetu hesabu ni fupi. Anwani ya jumla inaingia DR0. Kwenye DR7 tunawasha biti ya 0 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1, na kuiwasha ni kuipa 1). Biti za 16 na 17 tunazipa 01, maana yake angalia uandishi. Biti za 18 na 19 tunazipa 11, maana yake baiti 4. Ukijumlisha unapata 0xD0001 (0x ni alama ya namba za msingi wa 16). Hapo jihadharini na kitu kimoja: kwenye biti za urefu, 00 ni baiti moja, 01 ni mbili, 11 ni nne, na baiti nane ni 10. Aliyepanga hivyo alikuwa na sababu zake, kwa sababu nane iliongezwa baadaye, lakini ukiandika kwa mazoea utakosea.

Linux, mfumo endeshi tunaoutumia, haikupi ruhusa ya kuzigusa rejista hizi moja kwa moja. Dibaga inapitia ptrace, mlango wa Linux wa kuchunguzia programu nyingine, inaandika kwenye eneo la u_debugreg la ule uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) unaochunguzwa, na uzi lazima uwe umesimama. Weka anwani kwanza, DR7 mwisho. Anwani ya baiti 4 lazima igawanyike kwa 4, ya baiti 8 igawanyike kwa 8. Vinginevyo kerneli, kiini cha Linux, inakataa.

Tuiendeshe sasa. Mnaona skrini? Imesimama mara ya kwanza: jumla ilikuwa 3,840, sasa 3,890. Imeongezeka 50! Endelea. Imesimama tena: ilikuwa 3,890, sasa 50. Iko ndani ya kitanzi changu cha kunakili jina, kinachopeleka herufi mojamoja bila kuuliza nafasi imebaki kiasi gani. Herufi "2" ni namba 50 katika ASCII, jedwali la kuzipa herufi namba. Imeangukia baiti ya chini ya jumla, ambayo ilikuwa sifuri kwa sababu 3,840 ni 15 mara 256. Sifuri ya kufunga neno ikafuata, ikaifuta ile 15. Ndiyo maana jumla yoyote iliyo chini ya 65,536 inaishia kuwa 50. Karani hakuiba kitu.

Hapa wengi huona kazi imekwisha. Kwa kweli upande wa prosesa umekwisha. Upande wa dibaga ndio kwanza unaanza, na ndiko ninakotaka tukae.

Kwanza, programu ikisimama Linux inakuletea SIGTRAP, ishara ya mtego. Ishara hiyohiyo inakuja kwa brekipointi, inakuja kwa hatua ya amri moja, inakuja kwa wochipointi. Soma DR6: biti za 0 hadi 3 zinasema nafasi ipi kati ya DR0 hadi DR3 imeguswa, biti ya 14 inasema ilikuwa hatua ya amri moja. Zinaweza kuwaka kwa pamoja, basi msiandike "kama sivyo" mahali panapotaka maswali mawili tofauti. Pia prosesa inaweza kuwasha biti ya nafasi ambayo wewe hukuiwasha kwenye DR7. Linganisha na DR7 kabla ya kuamini. Na ukimaliza kusoma, ifute DR6 mwenyewe, usitegemee prosesa ikufutie. Usipofuta, tukio la jana litakusomea kama la leo.

Pili, prosesa za x86, yaani ile familia ya 80386, zinakuita baada ya uandishi kufanyika. Kielekezi cha amri tayari kiko kwenye amri inayofuata. Mtumiaji anaonyeshwa mstari ambao pengine hauna hatia yoyote. Kurudi nyuma amri moja si kutoa namba fulani, maana amri za x86 zina urefu wa baiti 1 hadi 15. Sisi tunaanza kuchambua kutoka mwanzo wa funksheni mpaka tuifikie. Inachosha kuiandika, lakini mtumiaji anastahili kuonyeshwa mhusika mwenyewe.

Tatu, nyuzi. Rejista hizi ni za uzi mmoja mmoja. Ukiweka kwenye uzi mkuu tu, uzi mwingine utaandika utakavyo na hutasikia kitu. Dibaga lazima iweke kwenye nyuzi zote zilizopo, na kila uzi mpya ukizaliwa uukamate kabla haujaanza kazi. Na kumbuka prosesa inalinganisha anwani pepe, yaani anwani kama programu yako inavyoiona: programu nyingine ikiandika kumbukumbu mnayoshirikiana kwa kupitia anwani yake yenyewe, wewe hupati taarifa.

Kigeu (jina linalobeba thamani) cha ndani ya funksheni nacho kina matata yake. Funksheni ikirudi, anwani ile kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya funksheni, inapewa mwingine, na wochipointi itaanza kupiga kelele juu ya mtu asiyehusika. Weka brekipointi ya siri mahali funksheni inaporudi, ukifika hapo uiondoe wochipointi na umwambie mtumiaji kwamba kigeu hakipo tena.

Lililonigusa zaidi ni uhaba wa nafasi. Nafasi ni nne, kila moja baiti 8 mwisho. Baiti 32, basi. Jina la kituo peke yake linakula nafasi mbili. Mtumiaji akitaka kuangalia rekodi ya baiti 100, zipo dibaga zinazohamia kimyakimya kwenye ile njia ya amri mojamoja. Mimi sikubaliani nalo. Mtu ataona programu imeganda, ataua kila kitu, ataondoka akiamini hitilafu haikutokea. Afadhali dibaga iseme wazi: nafasi zimeisha, chagua baiti zipi. Akitaka njia ya polepole, aiombe kwa mdomo wake.

Maswali? Ndiyo, dada pale nyuma.

Anauliza kama tunaweza kuangalia usomaji peke yake. Kwenye x86, hapana. Kuna uandishi, au usomaji pamoja na uandishi. Dibaga inaweza kulinganisha thamani: ikibadilika, ulikuwa uandishi, upuuze. Lakini aliyeandika thamani ileile iliyokuwepo ataonekana kama msomaji, na hakuna hila ya kumtambua kwa rejista hizi peke yake.

Kaka wa mbele anauliza kuhusu Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa za familia ya ARM. Huko usomaji peke yake unawezekana, na usanifu wa biti 64 unaruhusu hadi nafasi 16, ingawa prosesa nyingi zina chache zaidi, kwa hiyo iulize kerneli, usikisie. Tofauti kubwa ni kwamba ARM inakuita kabla uandishi haujafanyika. Ukisoma thamani papo hapo utapata ya zamani, na ukiruhusu tu programu iendelee, amri ileile itakunasa tena. Zima ile nafasi, piga hatua ya amri moja, iwashe tena, ndipo usome thamani mpya. Kwa hiyo mnapoandika, sehemu ya kulinganisha thamani msiichanganye na sehemu ya kupokea mtego. Kwenye x86 zinafuatana mara moja, kwenye ARM kuna hatua nzima katikati yake.