Sheria ya ardhi ya kijiji: andika hivi uipate

Haya, karibuni. Leo tunatafuta sheria inayoeleza namna ya kupata hati ya shamba la kijijini Tanzania. Fungua Google twende pamoja.

Wengi huandika hivi, tazama kwenye skrini: nataka kujua jinsi ya kupata hati ya shamba langu. Google siku hizi inasamehe, itakisia unachotaka. Kisanduku cha kutafutia kilichomo ndani ya tovuti nyingi hakina huruma hiyo, chenyewe kinalinganisha maneno tu. Na "jinsi ya kupata" imejaa kila mahali! Tangu 1972 mtafiti Mwingereza Karen Spärck Jones alishaonyesha kuwa neno lililo adimu kwenye nyaraka ndilo la kupewa uzito. Futa yote hayo.

Sasa andika kwa lugha ya sheria. Wewe unasema hati ya shamba, wao wanasema hakimiliki ya kimila. Usiishie kwenye "hakimiliki" peke yake, utapelekwa COSOTA, wanaosimamia hakimiliki za kazi za sanaa, kwa wanamuziki. Yaweke maneno yote matatu ndani ya funga na fungua semi, yafuatane vilevile. Mbele yake ongeza site:go.tz ubaki na tovuti za serikali. Baada ya nukta mbili usiache nafasi. Simu nyingine huiweka zenyewe, iondoe.

Matokeo machache? Ni tahajia. Kuna wanaoandika haki miliki, wengine hatimiliki, wengine hati miliki, na zile semi zimekufunga kwenye moja. Andika:

"hakimiliki ya kimila" OR "hatimiliki ya kimila" site:go.tz

OR, yaani "au", iwe kwa herufi kubwa.

Tuseme umeipata PDF ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Bonyeza Ctrl na F utafute neno ndani yake. Unataka mambo ya kuomba hati, na ukiandika "maombi" utamkosa mwombaji, utakosa na "ataomba". Andika omb tu. Hapo wote wanaingia, pamoja na chombo na vyombo, ambavyo kwenye sheria havikosekani. Viruke. Vikizidi, tafuta "halmashauri ya kijiji", maana ndiyo inayopokea hayo maombi.

Ikikuletea sifuri kabisa, jaribu kuchagua mstari mmoja kwa kidole au kipanya. Usipochagulika, hiyo PDF ni picha iliyoskaniwa. Rudi Google utafute nakala nyingine.